Ruta ya 10G (gigabiti 10 kwa sekunde) kwa kompyuta ya ofisi: OptiPlex 7040 na kadi ya X520-DA2

Kwa anayeendesha mtandao wa hosteli au wa mtaa, mchanganyiko huu naupa alama ya juu, ila kwa masharti. Ninaoutumia ni Dell OptiPlex 7040 SFF ya mtumba, prosesa ya Core i5-6500 yenye viini vinne, RAM GB 8 katika vipande viwili, SSD ndogo, kadi ya mtandao ya Intel X520-DA2 yenye milango miwili ya 10G na bamba fupi, na Debian (aina ya Linux).

Kadi ikae kwenye sloti ya x16. Ni ya PCIe 2.0 (kiwango cha sloti za kompyuta), na ikipata njia nne tu za data hupitisha gigabiti 16 kila upande, wakati milango yake miwili inataka 20. Kisha moduli za SFP+, yaani vipande vinavyochomekwa kwenye milango ya kadi ili kupokea kebo: ixgbe, kiendeshi cha kadi hii, hukataa zisizo za Intel. Andika `options ixgbe allow_unsupported_sfp=1` ndani ya /etc/modprobe.d/ixgbe.conf, halafu `update-initramfs -u`. Ukiruka hiyo ya pili, kiendeshi kinaweza kupakiwa mapema bila kuliona faili lako, nawe ukadhani moduli ni mbovu.

Muuzaji atakutajia gigabiti, wewe hesabu pakiti. Kujaza 10G kwa pakiti za baiti 1,500 ni takriban pakiti 812,000 kwa sekunde, mzigo ambao mashine hii inaubeba. Kwa fremu za baiti 64 ni milioni 14.88, na hapo kerneli ya Linux kwa viini vinne haifiki; utahitaji kitu kama VPP juu ya DPDK, programu zinazopitisha pakiti bila kupitia kerneli. Kwa hiyo mafuriko ya pakiti ndogo yataiangusha ruta hii hata kama laini haijajaa.

Kinachowachanganya wengi ni PPPoE, njia ya kumwingiza mteja mtandaoni kwa jina na nywila, ambayo hufunga pakiti zake ndani ya bahasha nyingine. Kadi hugawa pakiti kwenye foleni kwa kusoma anwani za IP, lakini zikiwa ndani ya PPPoE haizioni, basi zote hutupwa foleni namba 0 na kiini kimoja hubeba kila kitu. Wastani wa prosesa utaonyesha asilimia 25 tu, watu walalamike, wewe uone mashine imepumzika. Endesha `mpstat -P ALL 1`: kiini kimoja kina %soft (muda wa kushughulikia pakiti) karibu na 100, wenzake hawana kazi. Dawa ni kugawa upya kwa programu:

`echo e > /sys/class/net/enp1s0f0/queues/rx-0/rps_cpus` (enp1s0f0 ni jina la mlango wa kadi)

Hiyo `e` hupeleka kazi kwenye viini 1, 2 na 3, na kukiachia kiini 0 kazi ya kupokea, mradi interapti (ishara ya kadi kwa prosesa kuwa pakiti zimefika) ya foleni hiyo iko kwake. Zima irqbalance, huduma inayogawa interapti kwenye viini, la sivyo itaihamisha. Zima LRO pia kwa `ethtool -K`, maana huunganisha pakiti ambazo ruta inatakiwa kuzipitisha zilivyo.

Ukifanya NAT, yaani watumiaji wengi kutoka kwa anwani moja ya IP, angalia dmesg (ujumbe wa kerneli). Ukikuta "nf_conntrack: table full, dropping packet", jedwali la miunganisho limejaa: ongeza net.netfilter.nf_conntrack_max, kila rekodi hula baiti mia tatu hivi, RAM ipo.

X520 haina feni yake na kasha la SFF ni dogo, hivyo ielekezee feni ya milimita 40. Na kwa umeme wetu wa kukatika, ndani ya BIOS weka AC Recovery kwenye Power On, ruta ijiwashe yenyewe umeme ukirudi saa nane za usiku.