Jengo zuri, pa kukaa hapana

Nyota moja, na hiyo moja ni ya kiyoyozi. Nalisema mapema, ili asiye na nafasi ya kusoma mpaka chini aondoke na lake.

Jengo lenyewe sitolitaja. Ni moja katika haya mapya ya maduka yaliyoota hapa mjini Unguja miaka ya karibuni: vioo mbele, vigae mpaka ukutani, taa utadhani kila siku pana harusi. Bei, saa za kufungua, pa kuegesha gari, hayo mtayapata kwengine. Mimi nina jambo moja tu, na limenikaa kooni.

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani iliyopita, au ile ya kabla yake. Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi mpaka tarehe imeyeyuka. Nilikwenda na mama kutafuta nguo za sikukuu za wajukuu zake. Mama kapita sabini, na magoti yake huyaita wapangaji wasiolipa kodi. Mimi nilitaka twende sokoni Darajani, kama siku zote, tukabanane na wenzetu. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania jengo jipya, kasikia kwa jirani kwamba ndani mna baridi hata saumu huisikii. Na kweli, mlango ulipofunguka wenyewe alisimama pale pale kizingitini akacheka, akanifanya na mimi nicheke. Dakika hiyo ningetoa nyota tano na ya sita ningekopa.

Maduka ya watoto yako juu. Lifti imebandikwa karatasi kwa selotepu: "Haifanyi kazi." Tangu lini, mpaka lini, haisemi. Ngazi za umeme nazo zimelala. Aliyewahi kuzipanda zikiwa zimezimwa anajua mateso yake. Vidato vya mwanzo vifupi, vya kati virefu kuliko ngazi yoyote ya nyumbani, mguu unachanganyikiwa haujui uinuliwe kiasi gani. Mama huyu alizipanda ngazi za Michenzani miaka na miaka, kwenye yale majumba marefu yaliyoanza enzi ya Mzee Karume baada ya Mjerumani Mashariki kuchora mpango wa mji mwaka 1968. Alizipanda na mtoto kiunoni na kapu mkononi. Siku ile alizipanda zile za umeme kwa kushika ukingo kwa mikono miwili, akihesabu kwa sauti.

Tulipofika juu alitafuta pa kukaa. Nikatafuta na mimi. Wallahi nimezunguka ghorofa nzima kama niliyepoteza mtoto. Benchi hakuna, kiti hakuna, hata gogo la kupambia hakuna. Kuna sanduku la maua tu, maua ya plastiki, lenye ukingo mpana wa mawe yanayong'aa. Mama akakaa hapo. Akavua kiatu kimoja akaanza kusugua goti juu ya buibui, na hapo ndipo alipotokea yule mlinzi.

"Bi mkubwa, hapa hapakaliwi."

Hakusalimia. Mtu mzima, mwezi mtukufu, na shikamoo hakuna. Nikamuuliza, kwani panapokaliwa ni wapi? Akanyoosha kidole juu: "Mkahawani."

Mkahawani! Mchana wa Ramadhani! Mkahawa umefungwa, viti vimepinduliwa juu ya meza, mlangoni pana kamba. Nikamwambia hivyo, akanijibu bila hata kupepesa macho kwamba huo ndio utaratibu, ukingo unachafuka. Ukingo unachafuka kwa kukaliwa na mama yangu, aliyetoka kutawadha! Nilimwambia maneno ambayo aliyefunga hatakiwi kuyasema, na mengine nimeyakumbuka baadaye nikiwa kitandani, ambayo yalikuwa mazuri zaidi.

Sasa nambieni, mji huu umejengwa na nani? Nenda Mji Mkongwe, ingia uchochoro wowote. Tajiri aliyejenga nyumba ya mawe na chokaa, kuta nene kama boma, mlango wa nakshi na njumu za shaba, kabla hajamaliza alijenga na baraza nje, na baraza lile si lake tena, ni la mpita njia. Anakaa muuza kahawa, anakaa anayesubiri jua lipungue, anakaa asiyekuwa na senti tano. Masika yakizidi na vichochoro vikijaa maji, watu hupita juu ya mabaraza. Pale Jaws Corner, kijiwe cha kahawa, ukiyaondoa mabaraza, siasa za Zanzibar zitazungumziwa wapi? UNESCO ilipouandika mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, ilikuta watu wamekaa. Haikukuta kamba mlangoni.

Na msinambie ni mambo ya kizamani, usasa una taabu yake. Sultani Sayyid Barghash alipojenga jumba la Beit el Ajaib mwaka 1883 alitaka usasa kuliko sisi sote. Husemwa ndimo ulimowashwa umeme mwanzo hapa Zanzibar, na lifti yake baadaye ikawa ya kwanza Afrika Mashariki. Lakini aliizungushia na roshani kila ghorofa, mtu apate kivuli na upepo wa bahari. Sisi lifti tumeichukua, roshani tumeiacha, halafu na lifti yenyewe haiendi. (Ndiyo, najua, Beit el Ajaib iliporomoka upande mmoja Disemba 2020. Nililia siku ile. Msinitonyeshe.)

Nasikia huko Fumba ulitangazwa mwaka 2022 mnara wa mbao wa ghorofa 28. Nautakia kheri. Suali langu kwa mchoraji ni moja na nyote mshalijua.

Haya, niendelee, maana hapa ndipo kisa kinaponiharibikia mwenyewe.

Mimi nagomba. Mama hasemi. Kavaa kiatu, kasimama, kamtazama yule kijana kutoka juu mpaka chini, kisha akamuuliza kwa upole kabisa: "Wewe mtoto wa nani?"

Kijana akababaika. Akasema yeye mtu wa Pemba, Wete. Wete wapi? Akataja. Mama akauliza jina la bibi yake, na kijana, jamani, akalitaja kama mtoto wa chuoni mbele ya maalim. Udugu haukupatikana, msitarajie mambo ya tamthilia. Lakini mama alimpata mtu aliyewahi kumuuzia karafuu jirani wa bibi yule, na hilo lilimtosha. Mlinzi akasema shikamoo, imechelewa robo saa. Mama akaitika marahaba kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Halafu akanigeukia mimi: "Umemuona? Na yeye hana kiti."

Ni kweli. Sikuwa nimeona. Kijana anasimama pale tangu asubuhi mpaka karibu na futari, amefunga, viatu vizito, na ukuta haruhusiwi kuuegemea. Nikanyamaza. Sikumsamehe, lakini nilinyamaza.

Kisha dada mmoja wa duka la nguo, aliyekuwa akisikiliza mvua zangu zote, akatoa kigoda chake cha nyuma ya kaunta akakileta mpaka mlangoni. "Kaa hapa, bi mkubwa, hapa ni kwetu." Mama akakaa kama malkia, akiletewa magauni ya wajukuu mmoja mmoja ayapime kwa jicho. Tulinunua vingi kuliko tulivyokusudia, na nadhani dada yule alilijua hilo, lakini Mungu ambariki.

Sala ya alasiri tulisali mule mule. Chumba cha wanawake safi, maji yanatoka kwa nguvu, na pana pahala pa kukaa wakati wa kutawadha! Yaani mchoraji alikumbuka kwamba binadamu ana miguu, akakumbuka hapo tu. Vyoo pia visafi, nisidhulumu. Basi nyota tatu.

Halafu tukashuka. Kushuka ngazi za umeme zilizozimwa ni kubaya kuliko kupanda, magoti yanapiga kelele. Mama alisimama mara nne. Mlinzi alikuja kumshika mkono upande mmoja, mimi upande mwengine, hatusemezani mimi na yeye. Nje, kwenye lile jua, mama alitazama kulia na kushoto tukisubiri bajaji, na hata nje hapana pa kukaa. Pamewekwa vinguzo vya chuma ili watu wasikae. Mtu alikaa ofisini, akafikiri, akanunua chuma ili mtu asikae! Nyota moja. Ninarudi kwenye nyota moja.

Ila mwenye safari ni mama. Tangu siku ile majirani wote wamehadithiwa baridi, mlango unaofunguka wenyewe, na kijana wa Wete mwenye adabu. Mwenye adabu! Juzi kanambia sikukuu inakaribia, twende tena kule kule, na nimchukulie kijana tende.

Nimeshanunua kigoda cha kukunja. Darajani, kwa muuzaji aliyenikaribisha nikae kwanza ndiyo tupatane bei.