Nimesoma komiki ya The Lone Ranger ya Dynamite, uzoefu wangu

Wapenzi wa kauboi, yule jamaa wa barakoa nyeusi na farasi mweupe Silver mnamjua, sasa hii ya kampuni ya komiki ya Dynamite itafuteni, nasema kutoka moyoni. Ilianza kutoka 2006, kaandika Brett Matthews, kachora Sergio Cariello, kava za John Cassaday, na kitabu nilichosoma mimi kimekusanya namba 1 hadi 6, yaani mwanzo wake wote.

Kisa ni kilekile cha zamani cha shujaa huyu aliyeanzia redio ya Detroit mwaka 1933, Texas Rangers, yaani askari wa jimbo la Texas, wanaviziwa korongoni na watu wa jambazi Butch Cavendish, wanauawa, anabaki mmoja tu John Reid, na huyo naye angekufa asingekuwa Tonto, Mhindi Mwekundu anayekuja kuwa mwenzake. Ila zamani mauaji yale yalipitwa fasta ili jamaa avae barakoa aanze kazi. Humu hupitishwi. Kaka yake yumo kati ya waliokufa na unauona msiba wenyewe, damu ipo, maiti zipo, na John anaponyanyuka hajawa shujaa bado, ni mtu aliyefiwa tu ana hasira anataka kisasi. Mimi hapo ndo niliponasa, maana kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini mtu aamue kuficha uso wake na kuacha jina lake lizikwe na wenzake.

Michoro sasa! Picha nyingi zimelazwa upana wa ukurasa mzima kama skrini ya sinema, unaona jicho, unashuka chini unaona vumbi, unashuka tena mkono uko kwenye bastola, na hakuna anayeongea, kurasa kadhaa zinaenda hivyohivyo kimya na unaelewa kila kitu.

Halafu Tonto jamani. Kwenye redio na ile TV iliyoanza 1949 alikuwa anaongeshwa Kiingereza cha kukatikakatika, na Jay Silverheels aliyemwigiza alikuwa Mmohawk kweli, kabila la wenyeji wa Amerika, alistahili maneno ya maana kuliko yale, ilikuwa inaniuma sana. Humu anaongea kama mtu mzima mwenye akili zake na machungu yake, tena akiona mtu ni wa kuuawa anaua, wakati John hataki kabisa kuua, na wote wawili wana hoja. Ule mvutano wao ndo roho ya kitabu.

Nisichokipenda ni kwamba maneno machache hivi unamaliza kitabu mapema mno, kwa bei yake inauma. Na yule muuaji anayetumwa na Cavendish, baadhi ya mambo anayoyafanya yamezidi, yangeweza kuonyeshwa nusu tu na bado tungemuogopa. Watoto wasipewe, hata kama baba zao walikulia na shujaa huyuhuyu.

Anzeni na namba 1 msirukie katikati. Mimi naendelea na zinazofuata.