Kubadili nywele saluni: kipi ulipie kwanza, kipi baadaye, kipi uache kabisa

Wengi wetu tuliosoma shule za serikali tulinyolewa miaka yote ya masomo. Mtihani wa kidato cha nne ukiisha nywele zinaachwa ziote, na zikifika urefu wa kidole swali linabaki moja: naweka dawa ya kunyoosha lini? Mimi niliweka Februari, kwenye saluni moja ya mtaani Temeke. Nilitoka na nywele zilizolala kama nilivyozitamani kwa miaka, na vidonda viwili nyuma ya masikio. Niliposema inawasha, niliambiwa nivumilie, ndiyo inashika. Tangu hapo nimepita kote: miaka tisa ya dawa, kunyoa zote kwa hiari, silki presi (kunyoosha kwa pasi ya moto), na mara moja ile wanayoiita Brazilian. Huu ndio ushauri ninaowapa wadogo zangu wanaponipigia simu wakiwa tayari wameshika hela mkononi.

Nimepanga kwa vipimo viwili. Cha kwanza: ukijuta, unaweza kurudi ulipotoka? Cha pili ni bei ya mwaka mzima, kwa sababu bei ya siku moja inadanganya sana kwenye nywele.

Kuhusu kurudi, elewa kwanza saluni inakuuzia nini. Unywele wa kipilipili unashikiliwa umbo lake na vifungo vya aina mbili. Vipo vyepesi, vinavyofunguka kwa maji na joto kisha vikajifunga tena. Ndiyo maana nywele zilizopigwa pasi zinajikunja ukinyeshewa. Vipo pia vigumu, vya salfa, na hivyo ndivyo dawa inavyovivunja. Vikishavunjwa vimekwisha. Nywele iliyowekwa dawa itabaki hivyo mpaka ikatwe, na kitakachokuja kwa umbo lako la kuzaliwa ni kile kinachoota chini yake, kama sentimita moja kwa mwezi.

Namba moja: mkasi na mashine

Ndiyo, naanza na kukata, na najua wengi mmekuja kusoma habari za kunyoosha. Lakini mtu anayesema "nimechoka na hiki kichwa" mara nyingi anahitaji umbo jipya, na umbo linatoka kwenye mkasi. Lowkati yenye fedi safi pembeni, nywele zikipungua taratibu kuelekea chini, inabadilisha uso kuliko dawa yoyote. Bobu inayogusa taya inafanya shingo ionekane. Na ukikosea, nywele zinaota.

Kwa nywele fupi sana, usione haya kwenda saluni ya kiume. Vinyozi wanashika mashine kutwa nzima, na mkono wao kwenye fedi na mstari wa mbele kwa kawaida ni mwepesi kuliko wa msusi. Ila simamia usafi. Mapunye yanahama kichwa hadi kichwa kwa mashine, na mashine isiyosafishwa inaweza kukuachia maambukizi kisogoni. Hakikisha imefutwa kwa spiriti mbele ya macho yako, au nunua mashine yako ndogo uwe unaenda nayo. Na usikubali kisogo kinyolewe mpaka ngozi ing'ae kama una tabia ya kutoka vipele: nywele iliyojikunja ikikatwa chini kabisa hurudi ndani ya ngozi, na vipele vikizoeleka hugeuka makovu magumu.

Bobu ni jambo jingine. Nywele za kipilipili zikikauka zinasinyaa, wakati mwingine hadi chini ya nusu ya urefu wake wa kweli. Kwa hiyo mwambie mkataji mapema utazivaa vipi. Ukitaka kuzivaa zimenyooka, zinyooshwe kwanza ndipo zikatwe. Ukitaka kuziacha zijikunje, zikatwe zikiwa kavu, katika umbo lake. Nimeona dada akikatwa bobu nzuri kabisa zikiwa zimelowa na kuvutwa. Alipofika nyumbani ilikuwa imepanda juu ya masikio.

Hata asiyetaka kupunguza urefu aanzie hapa. Ncha zilizochanika zinaendelea kuchanika kupanda juu, na hakuna tritimenti inayoziunganisha tena. Punguza ncha, uone. Wengi huishia hapo na hela ya kunyoosha wakanunulia kitu kingine.

Namba mbili: silki presi

Hii ni kuosha vizuri, kukausha kwa bloo drai ukivuta kwa kitana, kisha kupitisha pasi bapa kwa mafungu madogo madogo. Hakuna kemikali. Ukiosha, unarudi ulivyokuwa. Ni mjukuu wa kile kitana cha moto ambacho mama zetu walikipasha kwenye jiko la mkaa, tofauti kubwa ikiwa kwamba pasi ya kisasa ina namba za joto. Zitumie. Kwa nywele laini nyuzi 180 za Selsiasi zinatosha. Kwa nywele nzito wengi hawahitaji kupita 200. Pasi nyingi hufika 230, na msusi mwenye haraka huiweka huko ili apitishe mara moja. Nywele iliyoungua kwa joto hairudi kujikunja hata ukiiosha mara kumi, na hapo ile faida ya kuweza kurudi ulipotoka umeshaipoteza.

Alama za msusi wa kumwamini: anapaka kinga ya joto kabla ya bloo drai, anasubiri nywele zikauke kabisa, na pasi inapita kila fungu mara moja au mbili tu. Ukisikia nywele zinachachatika kama zinakaangwa, au ukaona mvuke unatoka, msimamishe. Bado kuna maji ndani ya nywele, na maji hayo yanachemka humo humo.

Sasa ukweli wa pwani. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, na silki presi inakufa kwa unyevu. Rafiki yangu wa Iringa anakaa nayo wiki mbili nzima. Mimi kwenye daladala ya mchana ya mwezi Machi, siku nne zikipita mizizi imeshafura. Kwa harusi, sendofu au wiki ya picha, ilipie bila kusita. Kwa maisha ya kila siku ya mtu wa pwani, fikiria mara mbili. Kwa anayevaa mtandio, vaa kofia ya satini ndani yake. Pamba inanyonya mafuta na kusugua nywele za mbele.

Na mwaka? Tuseme saluni yako inatoza shilingi 30,000. Kila wiki mbili ni mara 26, yaani 780,000. Fedi ya 10,000 kila wiki tatu ni kama mara 17, yaani 170,000. Weka bei za mtaani kwako, lakini hesabu iwe ya mwaka. Kwa ajili ya nywele zenyewe, silki presi mara moja kwa mwezi ni afadhali.

Namba tatu: dawa

Sitaki kumsema vibaya mtu anayeweka dawa. Inarahisisha asubuhi, inastahimili unyevu wa pwani kuliko silki presi, na kwa hesabu ya mwaka si ghali: ritachi (kuweka dawa kwenye nywele mpya zilizoota) tano za 25,000 ni 125,000, na ukiosha na kuseti rola kila wiki mbili kwa 10,000 unaongeza 260,000. Nimeiweka ya tatu kwa sababu hairudi, na kwa sababu ya kilichomo.

Dawa za aina ya kwanza zina sodiamu haidroksaidi, ile ile kostiki soda ya wanaotengeneza sabuni. Aina ya pili, makopo yaliyoandikwa "no lye", mara nyingi ina kalsiamu haidroksaidi inayochanganywa na kimiminika kabla ya kupakwa. Hiyo ya pili ni nafuu kidogo kwa ngozi ya kichwa, ila inaacha kalsiamu kwenye nywele na kuzikausha. Neno "no lye" lisikufanye ujisahau. Zote mbili zinaunguza.

Ndiyo maana ile kauli ya "vumilia, ndiyo inashika" inaniudhi mpaka leo. Kuwasha si dalili kwamba dawa inafanya kazi. Ni dalili kwamba ngozi inaumia. Ikianza kuwasha, inaoshwa, hata kama nywele hazijalala zote. Nywele zilizobaki na mkunjo kidogo ni nzito na zinadumu. Zilizolazwa kama uzi ndizo zinazokatikia kisogoni baada ya miezi sita.

Ukiamua kulipia, haya usiyaache. Usioshe kichwa wala kujikuna kwa siku kadhaa kabla. Ukifumua rasta, subiri wiki mbili hivi. Mafuta ya mgando yapakwe pembeni mwa uso, kwenye masikio na kisogoni. Dawa iguse nywele mpya tu, isirudi juu ya zile za zamani, na muda ufuate maandishi ya kopo. Ritachi isifanyike kabla ya wiki nane. Mimi nilikuwa nafika kumi na mbili. Kisha ioshwe kwa shampuu yake maalumu ya kutoa dawa mpaka povu liwe jeupe. Na usisuke rasta za kubana juu ya dawa mpya: mchanganyiko huo ndio unaowanyang'anya dada zetu nywele za mbele, na mizizi ikishakufa hazioti tena.

Lipo na la mwili. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani ya afya ya mazingira walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliotumia vinyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 4.05 wa kupata saratani ya mji wa mimba kabla ya miaka 70, dhidi ya asilimia 1.64 kwa wasiotumia. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha uhusiano, haujathibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, na wengi wanaotumia hawataugua. Lakini ritachi tano kwa mwaka zinakuweka kwenye lile kundi la juu. Mimi hiyo namba ndiyo iliyoniachisha.

Namba nne: keratini, au Brazilian

Saluni za kisasa zinaisukuma sana kwa sababu faida yake ni kubwa. Unapakwa, unakaushwa, unapigwa pasi ya moto sana, na nywele zinakaa laini kwa miezi mitatu hivi. Kwa kipilipili kizito hainyooshi kabisa, inalegeza tu. Tuseme ni 150,000 mara nne: hiyo ni 600,000 kwa mwaka kwa nywele ambazo bado utazipiga pasi.

Bei si ndiyo iliyoishusha huku chini, ni moshi. Bidhaa nyingi za aina hii zina fomalini au vitu vinavyoitoa zikipashwa joto. Ni fomalini ile ile ya mochwari, na Shirika la Utafiti wa Saratani la Kimataifa linaihesabu kati ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Brazil kwenyewe hairuhusiwi kunyooshea nywele. Nyingine zinauzwa kwa maneno "haina fomalini" kwa sababu zina asidi ya glaioksiliki. Mwaka 2024 madaktari wa Ufaransa walieleza kisa cha mwanamke wa miaka 26 ambaye figo zake ziliathirika mara tatu, 2020, 2021 na 2022, kila mara baada ya kunyooshwa kwa krimu yenye asidi hiyo.

Siku niliyofanyiwa, macho yalinitoka machozi na dada aliyekuwa akinihudumia alikuwa anakohoa. Mimi nilikaa kwa muda wa saa tatu nikaondoka. Yeye alikuwa na mteja mwingine saa nane.

Usinunue kabisa

Dawa iliyohamishiwa kwenye kopo lisilo na maandishi, hata ikiuzwa bei ya kutupa Kariakoo. Na usikubali kabisa dawa ya kaliki, ile ya kuzikunja, iwekwe juu ya nywele zenye dawa ya kunyoosha, au kinyume chake. Hizo mbili zikikutana nywele zinakatika siku hiyo hiyo. Msusi asiyekuuliza mara ya mwisho uliweka nini, ondoka. Vipodozi sasa viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na kopo halali lina jina la mtengenezaji, viambato na tarehe ya kuisha. Omba kulishika na kulisoma kabla halijafunguliwa.

Siku ya kwenda, epuka mkesha wa Krismasi na wa Idi. Saluni inajaa, msusi mmoja ana vichwa vinne, na dawa inakaa muda usiopaswa. Chagua Jumanne asubuhi. Kwa silki presi uliza kama wana jenereta. Kwa dawa, kabla hata kitambaa hakijafungwa shingoni, nenda mwenyewe kwenye sinki ufungue bomba. Kama maji hayatoki na hakuna pipa lililojaa, rudi siku nyingine.