Albamu za Wasanii wa Kujitegemea: Ununue Wapi Ukiwa Mombasa

Ukiwa na shilingi 1,000 za kununua muziki mpya mwezi huu, na muziki wenyewe ni wa msanii asiye na kampuni kubwa nyuma yake, njia za kuzitumia ni nyingi na hazilingani. Nimezipanga hapa kuanzia ile ninayomshauri kila mtu hadi ile ninayomsihi aiache. Vipimo vyangu ni viwili. Katika hizo 1,000, ni ngapi zitamfikia aliyeimba, aliyepiga udi na aliyelipia studio? Na ukibadilisha simu mwaka ujao, albamu itakuwa bado ni yako? Ubora wa sauti na urahisi wa kulipa nimeviangalia pia, ila haviwezi kuvishinda hivyo viwili.

Huku Pwani wasanii wa aina hii ndio wengi. Kijana wa Kisauni anayechanganya mwanzele, ngoma ya Wamijikenda, na gitaa la umeme hana wa kumlipia studio. Anatoa nyimbo mbili tatu moja moja, anapima upepo, ndipo anathubutu kutoa EP ya nyimbo tano. Albamu ya nyimbo kumi kwake ni akiba ya miaka, na ikikosa wanunuzi, ya pili haiji. Mji huu uliwahi kuwa na desturi nzuri ya kununua muziki: Assanand & Sons walitoa santuri kwa lebo ya Mzuri, na Mbwana Radio Service wakauza kanda za taarabu zilizosafiri mwambao mzima. Wanunuzi wale ndio waliowezesha taarabu ya Mombasa kurekodiwa kwa wingi. Wa leo wana kazi hiyohiyo, ni malipo tu yaliyobadilika.

Kabla ya kulipa, sikiliza

Za kusikiliza bure hazikosi. YouTube, Audiomack na Boomplay zina karibu kila kinachotoka. Pwani FM hupiga nyimbo za huku ambazo redio za Nairobi hazizigusi. Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus, hukusanya vijana wa sanaa, nayo Alliance Française huandaa maonyesho ambako utamsikia msanii akipiga mbele yako kabla hujamtafuta mtandaoni. Mimi nauamini zaidi ugunduzi wa namna hii, kwa sababu jukwaani hakuna kompyuta ya kumrekebishia mtu sauti.

Ukishapata albamu, usiihukumu kwa wimbo wa kwanza. Wimbo wa kwanza huwekwa hapo kwa kusudi. Ndio uliopikwa kwa uangalifu kuliko yote. Nenda wimbo wa tatu, kisha ule wa pili kutoka mwisho. Hapo ndipo utajua kama msanii alikuwa na albamu au alikuwa na nyimbo mbili nzuri na nyingine za kujazia. Sikiliza mara moja kwa vipokea sauti vya masikioni, mahali palipotulia, halafu mara nyingine kwa spika ya kawaida ya nyumbani. Sauti iliyochanganywa vizuri husimama kote kuwili: maneno yanasikika, besi haimezi kila kitu, na ngoma haigeuki kelele.

Kwa muziki wa huku nina mambo mengine ninayoyatega sikio. Udi ukipigwa na mtu, utasikia plektra, kile kidude cha kupigia nyuzi, ikigusa uzi na vidole vikiteleza kati ya noti; udi wa kinanda cha umeme haupumui, kila noti hutoka na nguvu ileile. Fidla vivyo hivyo. Simaanishi kinanda ni kibaya, taarabu imekitumia kwa miongo kadhaa na ikapendeza. Lakini msanii akijinadi kwamba amerudi kwenye asili, halafu tari, udi na nzumari vyote vimetoka kwenye kompyuta moja, nitafikiri mara mbili kabla ya kulipa bei kamili. Kisha yale mashairi. Chukua ubeti mmoja uusome bila muziki. Ukisimama wenyewe, mizani ikakaa na fumbo likakufanya ufikiri, hiyo albamu itadumu nyumbani kwako. Ukiwa ni jina la mpenzi likirudiwa mara kumi na mbili, mdundo wake utakuchosha kabla mwezi haujaisha.

Tafuta pia majina. Msanii anayeandika nani kapiga ngoma, nani karekodi na studio gani, mara nyingi ndiye anayewalipa wenzake.

1. Mkononi mwa msanii mwenyewe

Hii ndiyo ya kwanza, na ya pili yake iko mbali. Unamtumia msanii pesa kwa M-Pesa, anakupa albamu kwenye flashi au anakutumia faili. Ada ya kutuma shilingi 1,000 haifiki 20. Hakuna wakala, hakuna kungoja miezi hesabu zifungwe. Usiku huohuo anaweza kumlipa mpiga besi.

Wengi huona haya kumwandikia msanii ujumbe. Usione haya. Mwambie: nimesikia nyimbo zako, nataka kununua albamu nzima, bei gani? Msanii wa kujitegemea hatakuona msumbufu kwa hilo. Asipokuwa na bei, mimi hupendekeza kati ya 500 na 1,000 kwa albamu kamili, na 300 hivi kwa EP. Uliza mapema jina litakalotokea kwenye M-Pesa, maana litakuwa lile la kitambulisho na huenda halifanani hata kidogo na la jukwaani. Wengine hutumia Pochi la Biashara, jambo zuri, kwa sababu mapato ya muziki hayachanganyiki na pesa za nyumbani.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye faili. Msanii mwenyewe wakati mwingine hana nakala safi kwenye simu, anakupa ile iliyokwisha kubanwa mara tatu. Angalia ukubwa. Wimbo wa dakika nne wenye ubora wa kilobiti 320 hukaribia megabaiti 10. Ukiona chini ya 4, umepewa nakala hafifu, na tari zitasikika kama zinapigwa ndani ya maji. Mwombe kwa upole ya WAV, ambayo haijabanwa, au ya 320 kutoka studio. Kama anatuma kwa WhatsApp, aitume kama hati, au akupe kiungo cha kupakua. Ukimkuta ana kwa ana, beba flashi yako.

Jambo jingine linaloiweka njia hii juu ni kwamba unapata kumwuliza. Nani aliandika shairi la wimbo wa nne? Kwa nini nzumari inaingia mwishoni tu? Majibu hayo huwezi kuyanunua popote, nayo ndiyo yatakayoufanya uhakiki wako uwe na uzito ukiamua kuwaelezea wenzako kuhusu albamu hiyo.

2. Bandcamp

Kwa msanii aliye mbali, au wa hapahapa mwenye ukurasa huko, Bandcamp ndiyo duka la mtandaoni ninaloliamini kuliko mengine. Kwa albamu ya kidijitali duka huchukua asilimia 15, ambayo hushuka hadi 10 msanii akishauza kiasi kikubwa. Ukijumlisha makato ya malipo, Bandcamp wenyewe husema wastani wa asilimia 82 ya pesa humfikia msanii au lebo. Albamu ya dola 7 ni kama shilingi 900 kwa bei ya dola ya karibuni, na zaidi ya 700 kati ya hizo zitafika.

Kuna siku wanazoziita Bandcamp Friday, zilizoanza Machi 2020 wakati korona ilipofunga kumbi, ambapo duka huacha fungu lake kabisa. Siku hiyo huhesabiwa kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu huanza Ijumaa saa nne asubuhi, au saa tano kule wakiwa kwenye saa za baridi, na kumalizika Jumamosi saa hizohizo. Ukinunua Ijumaa saa mbili asubuhi kwa kuwahi, utakuwa umelikosa punguzo la msanii kwa saa chache. Subiri unywe chai kwanza.

Kulipa si shida tena. Huhitaji kadi ya benki: M-Pesa GlobalPay, iliyoanza 2022, inakupa kadi ya Visa ya mtandaoni inayotoa pesa kwenye M-Pesa yako. Weka salio la ziada kidogo kwa ajili ya tofauti ya kubadilisha dola.

Ukishalipa, unachagua aina ya faili. Ukitumia data ya simu, chukua MP3 ya 320. Albamu ya dakika 40 itakula karibu megabaiti 100. Ukiwa na Wi-Fi, chukua FLAC, ambayo huwa mara mbili au tatu ya hapo lakini haijapoteza chochote kutoka kwa rekodi ya studio. Kisha nakili kwenye flashi au kompyuta siku hiyohiyo. Bandcamp iliuzwa kwa Epic Games mwaka 2022 na ikauzwa tena kwa Songtradr 2023. Duka linaloweza kubadilisha mmiliki mara mbili ndani ya miaka miwili si mahali pa kuachia maktaba yako.

Mahali pa kuanzia? Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala hutoa huko muziki mkali wa Afrika Mashariki, singeli ya Dar es Salaam ikiwemo. KMRU wa Nairobi anauza huko kazi zake mwenyewe pamoja na rekodi za zamani za babu yake, Joseph Kamaru. Wasanii wa Mombasa bado ni wachache mno kwenye duka hili, na linanisikitisha. Ukikutana na mmoja kwa njia ya kwanza, mwombe afungue ukurasa.

3. CD, kanda na santuri

Kwa vipimo vyangu viwili zinapita vizuri: pesa hufika, na kitu ni chako. Zinashushwa na hali ya hewa. Unyevu na chumvi ya pwani ni adui wa kila kilicho na karatasi, utepe au chuma. Jalada la santuri huota ukungu, kanda hushikana, mashine ya kuzipigia huliwa na kutu. Ukiagiza santuri kutoka Ulaya, nauli na ushuru vinaweza kuzidi bei yenyewe. Nunua ya albamu moja unayoipenda sana, isimamishe wima, mbali na ukuta wa nje na dirisha linaloangalia bahari. CD za msanii wa hapa, akiwa nazo meza ya mlangoni kwenye onyesho, chukua hata kama huna mashine. Mwombe faili, nawe utabaki na jalada lenye majina yote.

4. Kulipia programu za kusikiliza kila mwezi

Spotify, iliyoingia Kenya Februari 2021, pamoja na Apple Music na Boomplay. Kwa kugundua wasanii ni nzuri sana. Kwa kununua, hapana, na sababu iko kwenye hesabu. Spotify haichukui pesa zako ikampa msanii uliyemsikiliza. Zinaingia mfuko mmoja na za wengine, kisha mfuko unagawanywa kwa kadiri kila wimbo ulivyosikilizwa kwa jumla. Unaweza kumsikiliza msanii wa Likoni peke yake mwezi mzima, na sehemu kubwa ya ada yako ikaenda kwa nyota wa Marekani. Tena tangu 2024, wimbo usiofikisha masikilizo 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Kwa msanii anayeanza Mtwapa, 1,000 si mchezo.

Albamu uliyoipakua humo ili kuisikiliza bila intaneti hufungwa ukiacha kulipa. Kama tayari unalipia, endelea, na kila albamu unayoirudia zaidi ya mara tatu, ipeleke njia ya kwanza au ya pili ukainunue.

5. Skiza

Hii ni huduma ya Safaricom: wimbo mmoja, wa kumwimbia anayekupigia simu, kwa *811#. Si albamu, lakini ni msaada mdogo unaorudiwa kila siku na tangazo kwa kila anayekupigia. Fanya kama nyongeza.

6. Flashi iliyojazwa kibandani

Nyimbo mia mbili kwa bei ya soda, bila jina la mtunzi hata mmoja. Hapa msanii hapati senti. CD halali Kenya huwa na stika ya Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Flashi za kibandani hazina chochote. Ubora nao ni duni, kwa kuwa nyingi zimenyofolewa YouTube na kubanwa upya. Wanaojaza hizo flashi ni vijana wanaotafuta riziki, nami siwatukani, lakini albamu nzuri za mji huu zimekufa mikononi mwao.

Kama tayari unayo flashi ya aina hiyo na kuna sauti iliyokugusa, andika maneno machache ya wimbo kwenye intaneti hadi upate jina la mwimbaji. Mwandikie, mtumie bei ya albamu, umwombe nakala safi.