Vitabu vya mtumba vya barabarani Nairobi: uzoefu wangu

Nianze na hukumu kwa asiye na muda. Kama unasoma sana na mfuko wako haujanona, vitabu vya mtumba vinavyouzwa kando ya barabara katikati ya Nairobi vitakufaa kuliko duka lolote la vitabu nililowahi kuingia. Kama unasoma Kiswahili peke yake, utarudi nyumbani mikono mitupu.

Wanairobi huita biashara hii Inama Bookshop, maana vitabu hutandazwa chini juu ya nailoni na mteja hana budi kuinama ili asome migongo yake. Nenda Tom Mboya au Moi Avenue jioni watu wanapotoka kazini, utawapata. Riwaya nyembamba ni shilingi hamsini au mia, nene ni mia mbili, mia tatu ikiwa bado inang'aa. Dukani riwaya ya kutoka nje ikiwa mpya mara nyingi hupita elfu moja, na hali haikusaidiwa na ile kodi ya VAT ya asilimia 16 iliyowekwa kwenye vitabu mwaka 2013.

Ila bei siyo iliyonifanya niwe mteja wa kudumu. Zamani nilikuwa msomaji wa orodha: najua ninachotaka, naenda, nakiulizia. Barabarani orodha haina kazi, kwa sababu muuzaji mwenyewe hajui kesho atapokea nini. Nimesoma wasifu wa mabaharia, riwaya za kijasusi za enzi ya Vita Baridi na kitabu kizima kuhusu ufugaji wa nyuki, vyote kwa sababu vilikuwa chini ya macho yangu nikiwa na mia mfukoni. Vyembamba ni vya kwenye matatu. Foleni ya kwenda Rongai inatosha sura mbili, mvua ikinyesha tatu. Vinene hungoja Jumamosi.

Kingi cha kinachofika hapa ni masalio ya Uingereza na Marekani, pamoja na vitabu vilivyoondolewa kwenye maktaba za huko. Ninacho kimoja chenye jalada la plastiki na, ndani, karatasi iliyobandikwa ya mihuri ya tarehe za kurudisha. Mwanzoni tarehe zinafuatana wiki kwa wiki, wasomaji wakikigombea. Chini kidogo zinapishana miezi. Ya mwisho imekaa pembeni peke yake, miaka mingi baada ya iliyo juu yake, halafu muhuri mwekundu wa kukifukuza rafuni. Riwaya yenyewe ni nzuri ajabu. Sijui waliichokea nini.

Windo langu hasa ni African Writers Series, ule mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Afrika ulioanzishwa na wachapishaji Heinemann mwaka 1962, Chinua Achebe akiwa mhariri wake wa kwanza. Kila kitabu kina namba yake, na vya zamani vina ile rangi ya chungwa inayoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Nikikiona hujifanya sijakiona. Naokota kingine, naulizia bei, nakirudisha, ndipo mkono unapotea njia kuelekea kwenye chungwa. Mbinu hii haijawahi kufaulu.

"Hicho mia tatu, kaka."
"Mia tatu na hakina jalada la nyuma?"
"Unasoma jalada ama unasoma kitabu? Leta mia mbili unusu, uende."

Wauzaji hawa wanajua mali yao, tena wengine ni wasomaji kunishinda. Ukimwambia ulichokipenda mwezi uliopita, atakuchomolea kitu kutoka chini ya rundo na mara nyingi hakosei.

Kabla hujalipa, fungua kitabu katikati taratibu. Gundi ya vitabu vya karatasi nyepesi hukauka, na ukisikia kimelia kaa! jua kurasa zitaanza kuchomoka kabla hujafika Lang'ata. Tazama ukurasa wa mwisho kama upo, hasa kwenye riwaya za upelelezi, maana karatasi ya mwisho ndiyo huanguka kwanza. Kisha nusa. Kitabu chenye harufu ya ukungu kiache hapohapo hata kikiwa cha bure, kitawaambukiza wenzake kabatini. Na ukiona wino hafifu, mistari imeinama na rangi za jalada zimefifia, hiyo ni nakala ya wizi, iliyochapwa bila idhini. Mimi sinunui hizo. Najua mtu atanijibu kwamba mwandishi hapati kitu kwenye mtumba pia. Kweli, lakini nakala ya mtumba ililipiwa angalau mara moja.

Sasa Kiswahili. Kinachofika hapa ni kile ambacho watu kwingine wamekitupa, na hakuna anayetupa riwaya za Kiswahili kule Chicago. Za humu nchini nazo hununuliwa zaidi kwa sababu ya mtihani, kwa hiyo chache zinazotandazwa ni vitabu teule vya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, vilivyopitwa na wakati. Nilinunua Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora iliyojaa biro ya mwanafunzi: "tashbihi", "kinaya", "sifa za Mtemi: katili, fisadi, mwongo", zote kwa namba. Mara katikati, pembeni mwa aya ambayo haina tashbihi wala kinaya, ameandika tu "ai!" kwa herufi kubwa. Hilo ndilo jambo pekee aliloandika bila kumfikiria mtahini, na limenifurahisha kuliko uchambuzi mwingi niliousoma.

Kwa hiyo Kiswahili nakinunua dukani, kikiwa kipya, kwa bei yake kamili, au naagiza kwa anayesafiri kutoka Dar. Mia zilizookolewa barabarani huishia huko.

Mwisho, shika noti ndogondogo ingawa M-Pesa inapokelewa, na ukishapata muuzaji wako usimbadilishebadilishe. Wangu nikimrudishia kitabu hakijachanika hunipunguzia hamsini kwa kinachofuata. Wasio na mazoea naye hawapewi.