Koni za sentimita 75 kwa njia ya muda ya daladala

Kwa stendi iliyofurika, kama ya Bagamoyo jioni pale Coaster (mabasi madogo) za kwenda Makumbusho, Dar es Salaam, zinapogombea mlango na bajaji, koni hizi za barabarani zinatosha kabisa kutenga njia ya muda. Chukua zenye tako la mpira mzito na mikanda miwili inayong'aa usiku. Zile nyepesi za plastiki kavu achana nazo. Upepo wa baharini unazibwaga, jua nalo linazipausha upesi.

Upana wa njia uwe mita 3.5. Coaster yenyewe ni kama mita 2 tu, ila vioo vya pembeni na konda anayening'inia mlangoni (yupo, tusijidanganye) vinataka nafasi. Kwenye mshazari wa kuingilia, yaani mstari wa koni unaoelekeza magari kwenye njia, mita 30, panga koni kila mita 5. Panaponyooka, kila mita 10. Njia iliyonyooka ya mita 100, pamoja na mshazari huo, inakula koni 17. Nunua 20, maana mbili tatu zitakanyagwa mapema.

Udhaifu: pengo la mita 10 ni uchochoro wa bodaboda. Bila mtu mwenye filimbi pale mwanzoni, njia inageuka maegesho. Kosa baya zaidi ni kukatisha koni kabla ya makutano, kwa sababu daladala zinarudi kwenye foleni ileile na dakika zote zilizookolewa zinaliwa hapo. Zifikishe hadi mstari wa kusimamia, na trafiki washirikishwe kabla ya koni ya kwanza kushuka.

Nyota 4. Ya tano imekwenda na lile tako, linaloachia likikanyagwa na tairi la nyuma.