Kulabu za nguo za kina mama wa Kitudor: nimezivaa wiki nzima, geuza uone mgongo

Karibuni tena, jamani. Leo sina mkasi wala cherehani, na wale mnaosubiri zipu za mita mnivumilie hadi wiki ijayo. Leo nina kulabu. Ngojeni nisogeze mkono kwenye kamera… hapo. Mnakiona?

Kidude hiki hakifiki ukubwa wa kifuniko cha soda. Kina vikuba vitatu vilivyokaa kama mafiga, kila kikuba kimezungushiwa uzi mwembamba uliosokotwa, na kileleni kuna chembe kama punje ya mtama. Rangi ni ya dhahabu. Nilimtumia mama picha, akanipigia palepale kutoka Tanga: "Mwanangu, hicho kipini au kishaufu? Mbona kikubwa hivyo, puani kitaingiaje?" Mama, hakiendi puani. Kinakaa kiunoni, kinapandisha gauni.

Hii ni kulabu ya nguo ya mtindo wa Kitudor, yaani Uingereza ya kati ya 1485 na 1603, enzi za kina Henry VIII na binti yake Elizabeth. Niliyoshika ni nakala. Za asili zinatoka ardhini, na wanaozitoa kwa wingi ni watu wa detekta, wale mnaowaona wakitembea mashambani na mashine ya kusaka vitu vya metali ardhini, inayolia wiuu, vipokea sauti masikioni, koleo mkononi. Jirani yangu hapa Leicester ni mmoja wao. Mzee mstaafu, mkewe amechoka na matope kwenye zulia. Ndiye aliyenitia ugonjwa huu.

Kwanza tuelewane kazi yake, maana wengi wakiona kitu cha fedha wanadhani ni pambo tu. Fikiria mwanamke wa wakati ule. Hakuna zipu, hakuna mpira wa kiunoni. Gauni ni la sufu, zito, pindo linafika chini, na nje ni matope na samadi ya farasi. Nguo yenyewe inashikiliwa kwa kamba za kufunga na pini, pini nyingi kwelikweli. Sasa anataka kutoka aende sokoni. Anakunja sketi ya juu, anaipandisha, anaitundika kwenye mshipi kwa kulabu mbili, moja huku moja kule. Pindo limeokoka. Na ile sketi ya ndani yenye rangi nzuri inaonekana, jambo ambalo nadhani halikumuudhi hata kidogo. Kulabu hizohizo zilishika pia kitambaa cha mabegani na joho.

Wengi walivaa za shaba au za bati. Za fedha iliyopakwa dhahabu zilikuwa za wenye nafasi. Na mjue hiyo ni nchi ambayo mavazi yalitungiwa sheria. Henry VIII alikuwa na sheria ya mavazi ya 1533, nani avae nini kulingana na daraja lake. Kwa hiyo kulabu ya kung'aa kiunoni ilikuwa inasema kitu kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa hilo. Mtu akiingia harusini, macho yanaanzia mkononi, yanashuka miguuni, ndipo salamu.

Haya, sasa mtaniuliza: kwa nini unatuchambulia nakala, si umtafute jirani akupe ya asili?

Kwa sababu ya asili ya fedha haishikwishikwi. Hapa England kuna Sheria ya Hazina ya 1996. Kitu kikiwa na umri wa miaka 300 au zaidi, na angalau asilimia 10 ya uzito wake ni fedha au dhahabu, ni hazina kisheria, hata kiwe kidogo kama hiki. Aliyekipata ana siku 14 za kutoa taarifa. Ofisa anayeitwa korona, yuleyule anayechunguza vifo vya ghafla, ndiye anayeamua kama ni hazina au la. Ikithibitika, makumbusho hupewa nafasi ya kukinunua, kamati ya wataalamu hupanga thamani, na malipo kwa kawaida hugawanywa kati ya aliyeokota na mwenye shamba. Makumbusho yakikosa hamu, mwenyewe hurudishiwa. Ukificha, unaweza kufungwa hadi miezi mitatu. Na kabla ya hayo yote lazima uwe na ruhusa ya mwenye shamba, na kuna maeneo ya kale yaliyolindwa ambako detekta haiingii kabisa. Scotland wana utaratibu wao mwingine, kule unaripoti kila kitu cha kale.

Jirani yangu ana moja, lakini ya shaba, kwa hiyo aliionyesha kwa mtaalamu wa mkoa, ikapigwa picha, ikapimwa, ikarudi nyumbani. Ndiyo hii niliyoazimwa kwa siku moja, naishika kwa kitambaa. Imekuwa kijani, ndoano imekatika nusu. Ikumbukeni hiyo ndoano iliyokatika, tutarudi. Rekodi za namna hiyo zinawekwa na mpango mmoja ulioanza 1997, siku hizi uko chini ya British Museum, na sasa una vitu zaidi ya milioni 1.5 ambavyo yeyote anaweza kuvitazama bure mtandaoni. Nimekesha humo. Mume wangu analala, mimi natazama migongo ya kulabu.

Ndiyo, migongo. Hapo ndipo uchambuzi wa leo unapoanzia.

Nimenunua nakala mbili. Ya kwanza ni jozi ya bati, pauni 14, kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye sitamtaja. Ya pili ni moja tu, fedha iliyopakwa dhahabu, pauni 68, kutoka kwa fundi mwingine. Nikiziweka kifudifudi… yaani uso juu, samahani… haya, uso juu, zote mbili zinapendeza. Hata ya bati, kwa umbali wa mkono, utasema ni ya kikongwe cha kifalme. Vikuba viko, uzi uko, chembe ziko.

Lakini sogea. Nasogeza kamera. Kwenye ya bati, ule uzi si uzi. Ni mchoro tu, kila kitu kimemiminwa kwa pamoja katika kalibu, kama sabuni yenye chapa. Ya asili haikutengenezwa hivyo. Fundi alianza na bamba jembamba la fedha, akalikata umbo. Vikuba alivigonga kimoja kimoja, vina uwazi ndani, ndiyo maana kitu kinaonekana kinene na kumbe ni chepesi. Kisha akavilehemu juu ya bamba, akasokota uzi wa fedha akauzungusha, akaweka chembe, akalehemu tena bila kuyeyusha alivyoanza navyo. Sonara yeyote wa Mji Mkongwe atakwambia hapo ndipo wanafunzi hulia. Mwisho dhahabu: unachanganya dhahabu na zebaki inakuwa kama uji mzito, unaipaka, unapasha moto, zebaki inapaa, dhahabu inabaki imeshika. Na yule fundi anaivuta ile zebaki kifuani mwake kila siku ya Mungu.

Nakala yangu ya fedha imefanywa vizuri zaidi. Vikuba vina uwazi, uzi ni uzi kweli, ukipitisha ukucha unasikia krr krr. Dhahabu yake imepakwa kwa umeme, kwa njia ya siku hizi, na sina ugomvi, sitaki mtu avute zebaki kwa ajili ya sketi yangu.

Jambo moja la pochi. Uingereza, kitu cha fedha chenye uzito wa zaidi ya gramu 7.78 hakiuzwi kama fedha bila chapa rasmi. Hiki nimekipima, gramu 6 na kitu. Kwa hiyo hakina chapa na hakilazimiki kuwa nayo, unabaki na neno la muuzaji. Mimi nilikipeleka kwa sonara wa barabara ya pili akakipima, kweli ni fedha. Nanyi fanyeni hivyo.

Sasa geuza.

Nyuma ya kulabu kuna vitu viwili: ndoano, inayoshika nguo, na kitanzi juu, ambacho unakishonea utepe au kamba. Hapo ndipo kulabu inaishi au inakufa. Ya bati, ndoano yake ni nene, fupi na butu kama kidole cha mtoto. Nilivaa sketi yangu ya sufu, ile ya baridi, inakaribia kilo mbili, nikaipandisha kwa kulabu mbili, nikaenda kituo cha basi. Siku ya kwanza, sawa. Siku ya pili, napanda ngazi ya basi, kulabu ya kushoto imenyooka kama sindano. Sketi upande mmoja juu, upande mmoja chini, na dereva ananitazama. Bati ni laini, hilo si kosa la fundi. Kosa ni kuandika kwenye tangazo kwamba "inafaa kuvaliwa".

Ya fedha haikunyooka. Ndoano yake ni ndefu, inachongoka taratibu, karibu sawa na zile ninazoziona kwenye rekodi. Ilinisumbua kwa njia nyingine. Kulabu ya namna hii inashikwa na uzito. Ukisimama, sketi inavuta chini, ndoano inang'ang'ania. Ukikaa, uzito umeondoka, ndoano inalegea. Ukiinama kuokota mzigo, imechomoka. Haina kifuniko kama pini ya mtoto, haina kibonyezo. Nilijifunza kuigusa kila ninaposimama, kama unavyougusa mtandio.

Haya, ikichomoka si bado imeshonewa utepe? Ndiyo, kwa siku nne. Siku ya tano nilikuta uzi umekatika. Tazama kitanzi hiki, pembe zake za ndani ni kali, fundi hakuzisugua. Kila hatua uzi unasagwa pale. Nikasugua kwa msasa laini, nikashona upya kwa uzi uliopakwa nta, haijakatika tena. Dakika kumi za kazi ambazo kwa pauni 68 zilipaswa kufanywa na yeye.

Basi nikairudia ile ya jirani, yenye ndoano nusu. Nikarudi kwenye rekodi. Nyingi zinazookotwa ndoano imevunjika, imepinda au haipo kabisa, na kitanzi kimelika. Na zinaokotwa moja moja, ingawa zilivaliwa mbilimbili. Mimi fundi cherehani naisoma hivi: hizi tunazoziona ndizo zilizoshindwa kazi. Zilidondoka njiani, au zilidondoka sakafuni zikafagiliwa pamoja na majani makavu yaliyotandikwa chini, zikatupwa kwenye jaa, jaa likawa mbolea, mbolea ikamwagwa shambani. Ndiyo maana kitu cha kina mama wa nyumba nzuri kinapatikana katikati ya ngano, mbali na nyumba yoyote. Miaka 450 plau inakigeuzageuza, hadi mzee wangu apite na mashine. Zile zilizoshika vizuri, zilizofika uzeeni na mwenzake, nyingi zilikwenda kwa sonara zikayeyushwa mtindo ulipopita. Kama vile Oman na Zanzibar reale za Maria Theresa, zile sarafu za fedha, zilivyoingia motoni zikatoka bangili.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Dada, kulabu za Kitudor ni kifungio kizuri?" Namwambia uso kumi kwa kumi, mgongo tano. Ingekuwa kifungio kizuri sana, watu wa detekta wasingekuwa na cha kuokota.

Nani anunue? Wanaocheza michezo ya kihistoria, wanaoshona magauni ya jukwaani, na mtu kama mimi mwenye kichaa chake. Nilijaribu kupandishia leso, msijaribu. Pamba ni nyembamba, ndoano inatoboa, na leso yangu ya Mombasa sasa ina tundu palepale kwenye jina. Kitenge cha nta kinavumilia kidogo. Sufu ndiyo kwao.

Ya fedha naipa saba na nusu, ikisuguliwa kitanzi inakuwa nane. Ya bati naipa nne kwa ajili ya uso.

Na wale watakaotaka ya asili ya fedha: zipo zinazouzwa kihalali, zile zilizorudishwa kwa wenyewe. Lakini muulize muuzaji namba ya kesi ya hazina, ina mwaka, herufi T, kisha namba. Akikwambia "ilikuwa ya bibi", na kitu kina udongo kwenye vikuba, funga pochi uondoke.

Jozi yangu ya bati naiuza. Moja nzima, moja imenyooka lakini nimeikunja kwa koleo. Pauni tano, na atakayechukua asiende nayo kwenye basi.